Pua ya Dayana

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Bibi Pastora aliweka kikombe cha mafuta ya nazi pembeni ya jiko. Mafuta yakipata uvuguvugu, alimpakata mjukuu wake Dayana, mtoto wa miezi miwili. Alichovya kidole gumba na kidole cha shahada. Kisha aliishika pua ya mtoto hapo juu, katikati ya macho, akaivuta taratibu kuja chini. Akarudia. Akarudia tena. Mwisho alidondosha mafuta kidogo katika kila tundu, ili pua ilainike hadi ndani.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema.

Mtoto alilia, akapiga chafya, akanyamaza.

Hapa kwetu San Roque, kila nyumba yenye mtoto mchanga ina kikombe hicho. Tunaishi mtoni, upande wa Pasifiki wa Kolombia, na sisi sote ni weusi, kuanzia diwani hadi muuza barafu. Hata hivyo mtoto akizaliwa, wanawake hutazama kwanza ncha za masikio, maana wanasema rangi yake ya ukubwani imejificha huko. Masikio yakiwa meusi sana, watasema, "Si kitu, mradi ana afya." Watasema kwa sauti ile ile ya kumpa mtu pole ya msiba. Na pua ikiwa pana, mafuta yatapelekwa jikoni.

Pua ya Dayana ilikuwa pana, na nzuri. Lakini nani angeuliza?

Dada yake mtoto, Nayibe, alikuwa na miaka kumi na saba, katika mwaka wake wa mwisho shuleni. Asubuhi aliketi mezani jikoni humo humo, kitabu kikiwa kimeegemea bakuli la ndizi. Mama yao, Rosmira, alikuwa tayari ameondoka na mtumbwi. Aliokota kombe wa kuliwa kwenye matope ya mikokoni, na kombe hawamngoji mtu. Maji yakikupwa unakwenda, yakijaa unarudi. Baba alifanya kazi mbali, Buenaventura, akija nyumbani wakati wa Krismasi na zawadi na maelezo mengi.

Basi nyumba ile ilisimama juu ya mabega ya Bibi Pastora. Alipika, akafua, akalea. Usiku alimwimbia mtoto nyimbo za watakatifu mpaka na majirani wakapata usingizi.

Vitabu alivyosoma Nayibe vilitoka kwa Mama Elida. Huyu alikuwa jirani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha taratibu. Zamani alikuwa muuguzi wa zahanati. Alipostaafu aligeuza sebule yake kuwa maktaba. Vijana wa chuo kikuu huko mjini Cali walimtumia vitabu kwa boti ya mizigo, vikifungwa kwenye nailoni visilowe. Vingi viliandikwa kwa ajili ya vijana, kwa maneno mepesi na michoro. Kimoja kilieleza ubaguzi wa rangi ulianzaje, na nani alinufaika nao. Kingine kilieleza kwa nini kazi ya mwanamke haiitwi kazi. Alichokipenda Nayibe kuliko vyote kilikuwa na jalada jekundu. Kilisema mkoloni anaweza kupanda meli akaenda zake, lakini akaacha mawazo yake vichwani mwa watu. Tukadharau midomo yetu, nywele zetu, ndugu zetu, bila mtu kutulazimisha.

Nayibe alisoma, akahisi kama mtu amewasha taa chumbani. Sasa aliona kila kitu. Tatizo ni kwamba alitaka na wengine waone siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Alimwambia rafiki yake Keily kwamba kuchoma nywele kwa dawa ni kumpigia mzungu magoti.

"Nayibe, ni nywele," alisema Keily. "Kesho kutwa nina sherehe."

"Ndivyo wanavyotaka useme."

"Nani hao? Mimi naongea na wewe tu hapa."

Baada ya wiki chache Keily alikuwa akienda shule na wasichana wengine. Walimbandika Nayibe jina la Redio, kwa kuwa anaongea tu wala haulizi kama kuna anayesikiliza. Akipita, mmoja husema, "Zima, zima, betri zinaisha." Nayibe alijifanya hasikii. Aliwaona wajinga. Lakini alipofika darasani na kuliona benchi lake lina nafasi tupu, moyo ulimwuma.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Watu walikuwa wametoka misani. Majirani walikuja kula, kama ilivyo ada. Bibi Pastora alikuwa amepika samaki kwa tui la nazi, chungu kikubwa kabisa. Bi Hermencia, shoga yake wa tangu usichana, alimwinamia mtoto akamtazama usoni.

"Inanyooka, Pastora," alisema. "Mkono wako hauna mpinzani."

"Huyu hataokota kombe," alisema Bibi Pastora, na uso wake ulijaa fahari. "Huyu ataolewa Cali, na mtu mweupe. Atatuboreshea mbegu."

Watu wakacheka. Ni mzaha wa kila siku huku kwetu. Hata mimi nimewahi kuucheka. Nayibe hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Bibi, unajua unachomfanyia huyu mtoto?"

"Namnyoosha pua, mama. Kula, chakula kitapoa."

"Unamfundisha kujichukia kabla hajajua kusema. Mwacha asili ni mtumwa, Bibi. Na mtumwa ni wewe. Wakoloni wameondoka zamani, umebaki wewe kuwafanyia kazi yao. Bure."

Neno mtumwa hatulitupi mezani San Roque. Bibi yake Bibi Pastora alizaliwa na watu waliouzwa pamoja na makarai ya mgodi wa dhahabu. Majina mengine ya huzuni tunataniana nayo, hilo hatuligusi.

Bibi Pastora alifuta mikono kwenye aproni. Alimbusu mtoto utosini, akamkabidhi Rosmira. Akachukua shali yake kwenye msumari.

"Mama, unakwenda wapi?" Rosmira aliuliza.

"Kwetu. Niwapishe wasomi."

Kwao ni ng'ambo ya mto. Nyumba aliyozaliwa bado imesimama huko, tupu, mbao zake nusu zimeliwa na mchwa. Kitovu chake kilizikwa pale, chini ya ngazi. Alijipandisha kwenye mtumbwi mwenyewe, akapiga kasia, wala hakugeuka nyuma.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kombe hawangoji, kwa hiyo Rosmira aliendelea kwenda mikokoni. Mtoto hawezi kupelekwa kwenye matope na mbu. Nayibe akaacha kwenda shule. Alibadili nepi, akachemsha maji, akapika ndizi zikaungua chini na kuwa mbichi juu.

Jioni moja Rosmira alirudi na matope hadi kiunoni. Alikuta sufuria chafu na kitabu chekundu mezani.

"Mama, nilisema uongo?" Nayibe aliuliza. "Niambie tu kama nilisema uongo."

Rosmira aliketi, akaanza kuosha miguu.

"Sijui, mwanangu. Huenda ulisema kweli. Lakini kweli yako haijui kupika, na haimwimbii mtoto." Akamimina maji. "Nimempitia leo. Anakula ndizi kavu na kahawa. Nikamwambia, rudi. Akasema hapana, kule wameshamwambia yeye ni nani."

Nayibe hakulala vizuri. Nyumba bila nyimbo za Bibi ilikuwa kimya mno. Mchana ulikuwa mbaya zaidi. Alisikia wanafunzi wakipita kwenye daraja la mbao, akasikia kicheko cha Keily, akajibanza ukutani wasimwone. Alifungua kitabu ili apate mwenzi. Katika kila ukurasa kilisema sisi. Sisi watu weusi, sisi wanawake, sisi vijana. Nayibe alitazama chumba. Alikuwemo yeye na mtoto aliyelala. Alilia, na hakukuwa na mtu wa kumficha machozi.

Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akabeba vitabu vyote, akaenda kwa Mama Elida.

"Nakurudishia vitabu vyako," alisema, akavitua juu ya meza kwa kishindo.

"Vimekukosea nini?"

"Vimeniachia nyumba tupu."

Mama Elida alimtolea kiti, akampa glasi ya maji ya nazi. Habari za Jumapili alikuwa nazo. San Roque nzima ilikuwa nazo, na nyingine zilikwishaongezewa chumvi.

"Tuanze na mtoto," alisema. "Pua yake ni ya kurithi. Hata ukiivuta mpaka arusi yake, haitakuwa nyingine. Ila hayo mafuta ya tunduni ni hatari kweli. Mtoto mchanga anapumua kwa pua. Mafuta yakiteleza hadi mapafuni yanaweza kumletea homa ya mapafu. Zahanatini nimewaona watoto wa namna hiyo. Kwa hilo ulikuwa na haki ya kumzuia. Kitabu chako nacho kimesema kweli. Hata anayetaka pua nyembamba hakuzaliwa anaitaka. Kuna mahali aliambiwa."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kabla ya kumwita vile, ulimwuliza?"

"Nimwulize nini?"

"Kwa nini anafanya. Nani alimfundisha. Nani alimvuta yeye."

Nayibe aliizungusha glasi mkononi.

"Unaona," alisema Mama Elida. "Umesoma jinsi watu walivyotuhukumu bila kutuuliza. Kisha ukafunga kitabu, ukamhukumu bibi yako bila kumwuliza, tena mbele ya wageni wake, juu ya chakula alichopika yeye."

"Nilitaka aelewe."

"Ulitaka ashindwe. Mimi pia hutaka hivyo nikibishana na padri." Akacheka kicheko chake cha taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Kitabu cha namna hii hakisomwi dhidi ya mtu. Kinasomwa pamoja na mtu. Msomee kwa sauti. Ukimaliza kipande, funga mdomo. Muulize, Bibi, wewe unaonaje? Naye akisema, usimsahihishe. Kitabu kimeandikwa na watu waliosoma, na baadhi ya mambo hawayajui. Watayajuaje, kama nyinyi mnaokaa na wenyewe hamuulizi?"

"Hataki hata kuniona."

"Mpeleke mtoto. Hakuna bibi anayemfungia mlango mtoto."

Nayibe alichukua kitabu chekundu, kimoja tu. Vingine alivirudisha rafuni kwa mkono wake.

Alivuka mto mtoto akiwa kifuani. Bibi Pastora alikuwa ameketi kizingitini, amewapa mgongo watu wa mtoni. Alionekana mdogo kuliko siku zote. Pembeni yake kulikuwa na sahani moja na kikombe kimoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Sikupaswa kukuita vile. Wala mbele ya watu, wala faraghani."

Bibi Pastora aligeuka, akatazama kitabu mkononi mwa mjukuu. "Na hicho? Umekuja na shahidi?"

"Nilitaka nikusomee, ukitaka. Usipotaka nitakaa tu."

"Kaa. Nyumba si yangu, ni ya mchwa."

Nayibe aliketi ngazi ya chini. Alichagua sehemu iliyoeleza habari za wasichana weusi wa pwani waliopelekwa mijini kutumika majumbani. Alisoma polepole. Walioga mwisho, walikula mwisho, waliitwa kwa jina ambalo si lao kwa sababu lao ni gumu. Mwisho wa ukurasa alifunga mdomo, ingawa ulimi ulikuwa unamwasha.

"Bibi, wewe unaonaje?"

Mtoto alijinyoosha, akatulia.

"Wamesahau mlango wa nyuma," alisema Bibi Pastora. "Mlango wa mbele hatukuugusa ila kwa kuufuta vumbi. Waandike hilo."

"Wewe ulikuwa huko?"

"Cali. Nilikuwa na miaka kumi na tatu." Aliongea akitazama mto. "Tulikuwa wasichana watatu kwenye nyumba moja. Siku ya kwanza yule mama mwenye nyumba alitupanga mstari, akatutazama kama kuku wa sokoni. Akanishika kidevu. Akamwambia mumewe, huyu afadhali, huyu ana pua nyembamba, ya Kikristo. Basi mimi nikapewa kitanda ndani, karibu na jiko. Wenzangu walilala kwenye banda la kufulia, chini, penye maji. Mmoja alikohoa mwaka mzima. Halafu hakukohoa tena."

Nayibe alishika kitabu kwa mikono miwili.

"Hii pua alinifanyia mama yangu. Kila usiku, kwa kibanio cha nguo. Nililia na yeye analia, lakini hakuacha. Mimi nilimchukia, mjukuu wangu. Nilikuja kumwelewa nilipolala pakavu." Akapangusa macho kwa ncha ya shali. "Sasa wewe unaniambia mimi namchukia mtoto. Mimi nilikuwa namtafutia kitanda."

"Nilikuwa sijui, Bibi."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Boti ya mizigo ilipita, mawimbi yakagonga nguzo za nyumba. Nayibe alitafuta swali lingine, maana sasa alitaka kujua kweli.

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikufa nikiwa Cali. Niliambiwa baada ya mazishi, tena baada ya miezi. Nilikuwa napiga pasi. Nikaendelea kupiga pasi." Bibi Pastora alinyoosha mikono. "Nipe mtoto, unamkunja shingo. Picha mama hakupigwa hata moja, nani alikuwa na kamera mtoni huku? Miaka yote hii namtafuta kichwani simpati. Naona kilemba. Naona mikono. Uso umekwenda. Ni upweke mbaya, kumkosa mtu hata akilini. Sijawahi kumwambia yeyote."

Alimlaza Dayana mapajani. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, kidole gumba na kidole cha shahada, hadi kwenye pua ya mtoto. Ukasimama hapo.

Siku kadhaa zilikuwa zimepita bila mafuta wala kuvutwa. Wekundu uliokuwepo juu ya pua ulikuwa umekwisha. Pua ilikuwa imetulia usoni, pana, ya duara, na matundu yalifunguka kidogo kila mtoto alipovuta pumzi.

Bibi Pastora aliinama. Akamgeuza mtoto kuelekea kwenye mwanga.

"Bibi, nini?"

"Alikuwa akilala hivi," alisema Bibi Pastora kwa sauti ndogo. "Yanafunguka, yanafunga. Nilikuwa nalala ubavuni kwake, nayatazama." Aliuondoa mkono wake, akauficha ndani ya shali. "Yesu wangu. Nimekuwa nikimfinya mama yangu."

Nayibe alipanda ngazi zilizobaki, akaketi karibu naye, bega kwa bega. Hakufungua kitabu tena siku hiyo.

Bibi Pastora alirudi nyumbani jioni, sahani na kikombe chake vikiwa kwenye mtumbwi. Asubuhi alipasha mafuta ya nazi kama kawaida. Alimchua mtoto miguu, mgongo na tumbo, jambo ambalo Mama Elida anasema ni zuri kabisa. Puani hakutia hata tone. Dayana aliacha kupiga chafya, akaanza kunyonya bila kukatiza kuvuta pumzi.

Nayibe alirudi shuleni. Siku moja darajani alimwuliza Keily swali moja kuhusu nywele zake, kisha akanyamaza. Keily aliongea mpaka wakafika getini. Bado anachoma nywele. Lakini benchi halina nafasi tupu.

Na kila Alhamisi alasiri, sebule ya Mama Elida hujaa wanawake. Vijana husoma kwa sauti, akina mama wakibambua kombe. Bibi Pastora hukaa mbele, akibishana na vitabu kama vina masikio. "Hapo umekosea," hukiambia kitabu. "Ngoja nikueleze." Nayibe huandika anachosema, na boti ya mizigo ikirudi Buenaventura, maneno hayo huenda nayo hadi Cali.

Juzi Bi Hermencia alifika akamkuta Bibi Pastora kizingitini, mtoto kamlalia mapajani.

"Shoga, umeacha kazi," alisema. "Pua ya huyu mtoto inatawanyika. Nipe mafuta nikusaidie, angali mbichi."

Bibi Pastora aliweka kiganja chake juu ya uso wa mtoto, kwa upole, kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

"Iache, Hermencia," alisema. "Hii ina mwenyewe. Keti, nikuonyeshe alivyokuwa mama yangu."